Wiki ya Hamsini na Tatu

Mablanketi ya nyumba ya wageni ya Mogilitsa hayakuwa ya wizi. Inspekta Zornitsa Kehayova alilijua hilo pale pale alipoinua pembe ya blanketi la kwanza na kuyaona matamvua yake yamefungwa fundo kwa mkono, moja baada ya jingine, na mtu aliyejaliwa subira. Mablanketi ya kiwanda cha Tri Koshari hukatwa na mashine na kushonwa pindo. Hayana tamvua hata moja.

"Kazi ya nani hii?" akamwuliza mwenye nyumba, mpwa wa mtunza ghala aliyeshukiwa.

"Ya bibi yangu, afande. Mama yake mjomba Stamen. Tulimzika ana miaka tisini na miwili, na kitanda chake cha kufumia bado kiko darini. Mnataka kukitia pingu nacho?"

Sajini Manol, mtu wa kitambi na mzaha, akageukia dirishani asionekane akicheka. Zornitsa akalikunja blanketi kama alivyolikuta, akaomba radhi kwa usumbufu, wakatoka.

"Tumepanda mlima bure," Manol alisema walipokuwa garini, barabara ikijinyonganyonga kati ya misonobari yenye theluji ya mwisho wa msimu.

"Si bure. Aliyetupigia simu alisema nyumba ile imejaa mablanketi ya kiwanda. Kumbe hajawahi kuingia humo. Namba yake uliifuatilia?"

"Niliifuatilia. Jishike vizuri. Simu ilitoka ofisi ya ghala la Tri Koshari lenyewe."

Walipovuka daraja la kuingilia mji wa Smolyan, Zornitsa akasema waelekee kiwandani.

Kesi yenyewe ilikuwa imefika mezani kwake katikati ya Februari, ikiwa nyepesi kwa kuitazama. Kiwanda kilifunga mwaka wake wa fedha, kikahesabu mali iliyomo ghalani, na ripoti ya mwaka ikaonyesha upungufu wa mablanketi mia nane na kumi na mawili. Mtunza ghala alikuwa Stamen Chaushev, mzee wa miaka sitini na mmoja, aliyeshika funguo zile tangu kiwanda kikiwa bado cha wazawa, kabla hakijanunuliwa na wenye mali wa Vienna. Alisimamishwa kazi. Pasi yake ya kusafiria ilichukuliwa, na akaamriwa asitoke mjini. Katika maelezo yake polisi alikuwa ametamka sentensi moja tu, akairudia kila alipoulizwa: "Kilichotoka, nilikiandika." Mwendesha mashtaka alitaka jalada likamilike kabla ya Pasaka. Wazee wenzake kwenye duka la kahawa walikuwa wameanza kuhama meza anapoketi.

Ofisi ya ghala ilinuka sufu na mafuta ya mashine. Kwenye kiti cha Stamen aliketi kijana mnene mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, miguu juu ya sanduku. Alijitambulisha kwa jina la Rusi, kaimu mtunza ghala.

"Tangu lini?" Zornitsa akauliza.

"Tangu mzee aondoke."

"Kabla ya hapo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta."

"Unatafuta nini?"

"Kazi, afande. Watu hutafuta nini kingine?"

Zornitsa akaiangalia simu iliyokuwa mezani, akamwangalia Rusi. Rusi akashusha miguu. Zornitsa hakumwuliza neno juu ya simu. Alitoka nje, akapita kati ya rafu, akatazama jinsi mablanketi yalivyofungwa kumikumi kwa kamba. Kisha akaenda kwa mlinzi wa lango.

"Lori likitoka hapa na mzigo, wewe hufanya nini?"

"Nalipima. Mzani huu hapa, afande. Mtu hatoki bila kupimwa, hata mkurugenzi na gari lake. Aliwahi kukasirika siku moja, nikamwambia akasirikie mzani."

"Na gari dogo?"

"Pamoja na kulipima, nalifungua nyuma."

"Mzee Stamen je?"

"Yeye huja kwa miguu." Mlinzi akaanza kuhesabu kwa vidole mablanketi ambayo mtu anaweza kubeba, kisha akaacha. "Unataka kuniuliza kama alikuwa anavaa mablanketi chini ya koti?"

Manol safari hii alicheka waziwazi. Lakini Zornitsa alikuwa amesimama juu ya bamba la mzani, kichwa kimeinama. Blanketi la milima hii ya Rodopi ni zito kama kondoo mchanga, na mia nane hayatoki mfukoni. Yanahitaji lori, na lori linahitaji kupita hapa.

"Manol," alisema walipokuwa wakivuka uwanja, "kwa mwezi mzima tumeuliza nani kaiba. Kuna aliyeuliza kama kweli kumeibwa?"

"Ripoti imesema."

"Ripoti imesema nini hasa?"

"Kwamba palipaswa kuwa na mablanketi haya, na yapo pungufu."

"Basi twende tukamwone anayeitengeneza hiyo ripoti."

Aliyekuwa akiitengeneza aliitwa Vesela Gyurova. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwembamba, mwenye sauti ya kuimba, na uzi mwekundu na mweupe wa Machi, wa kuaga baridi, mkononi kama watu wote wa mji ule mwezi ule. Chumba chake kilikuwa kidogo, chenye joto la mashine na mimea mitatu iliyonawiri kuliko kawaida. Yeye ndiye aliyeitunza hifadhidata ya kiwanda. Kila blanketi lililofumwa, lililoingia ghalani na lililouzwa lilikuwa na mstari wake humo.

"Mjomba Stamen hawezi kuiba hata sindano," alisema kabla hajaulizwa. "Lakini nimeipiga ripoti ile mara tatu, afande. Inatoa namba ileile. Nilitamani initolee nyingine."

"Inavyotengenezwa, nieleze kama unavyomweleza mama mkwe."

"Mama mkwe wangu ana shahada ya hesabu."

"Basi kama unavyomweleza Manol."

Vesela akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akavuta viti viwili.

"Tunaanza na mablanketi yaliyokuwepo mwaka ulipofunguliwa. Tunaongeza yaliyofumwa mwaka mzima. Tunatoa yaliyouzwa mwaka mzima. Yanayobaki ndiyo yanayopaswa kuwa ghalani siku ya kufunga. Halafu watu wanakwenda kuhesabu. Walihesabu Jumatatu asubuhi, tarehe tatu Februari, kabla lango halijafunguliwa."

"Kwa nini Februari? Mwaka si huisha Desemba?"

"Wa serikali, ndiyo. Wa kwetu, hapana. Vienna wanataka mwaka wa wiki nzimanzima, ili Jumatatu ilinganishwe na Jumatatu. Mwaka wetu wa fedha huanza Jumatatu iliyo karibu zaidi na tarehe mosi Februari. Msimu wa baridi unaisha, tunafunga, tunaanza upya."

"Kompyuta inajuaje kwamba siku fulani ni ya mwaka upi?"

"Kuna jedwali la kalenda." Vidole vyake vikaruka, na kwenye kioo pakatokea safu ndefu za tarehe. "Kila tarehe ina nyumba yake humu: ni ya mwaka gani wa fedha, mwezi gani, wiki ya ngapi. Mauzo yakiingia, yanakuja na tarehe tu. Ripoti inachukua ile tarehe, inabisha hodi hapa, inaambiwa: huyu ni wa wiki ya kumi, huyu wa wiki ya arobaini."

"Nani anaijaza?"

"Mimi. Mara moja kwa mwaka."

Zornitsa akavuta kiti karibu zaidi. Alikuwa na desturi, hesabu inapomzidi kimo, ya kurudi kwenye kitu kinachogusika. Ukutani palikuwa na kalenda ya karatasi, zawadi ya duka la mbolea, yenye picha ya mbuzi. Akaishusha, akaiweka magotini.

"Nisomee wiki za mwisho za mwaka uliofungwa. Tarehe zake tu. Mimi nitazifuata hapa kwa kidole."

"Wiki ya hamsini: tarehe sita Januari mpaka kumi na mbili."

"Endelea."

"Ya hamsini na moja: kumi na tatu mpaka kumi na tisa. Ya hamsini na mbili: ishirini mpaka ishirini na sita. Halafu mwaka mpya, wiki ya kwanza: tatu Februari mpaka..."

"Ngoja." Kidole cha Zornitsa kilikuwa kimesimama chini ya kwato za mbuzi. "Ishirini na sita Januari, ni Jumapili. Tatu Februari, Jumatatu. Na hizi zilizo katikati?"

Vesela akasogeza macho karibu na kioo kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka sakafuni, akapandisha safu, akazishusha, akazipandisha tena.

"Hazimo," alisema.

"Kwa nini hazimo?"

"Kwa sababu mwaka ule ulikuwa na wiki hamsini na tatu." Alisema polepole, akijisikiliza. "Wiki hamsini na mbili hazijazi mwaka, afande. Kila mwaka inabaki siku moja, au mbili, kama makombo mezani. Baada ya miaka mitano, sita, makombo yanakuwa mkate. Mwaka huo unapewa wiki ya ziada. Mimi nilipojaza kalenda nilichukua umbo la mwaka uliotangulia, wiki hamsini na mbili, kisha nikaanzisha mwaka mpya tarehe yake sahihi. Pengo halikunipigia kelele. Mama yangu!"

"Mauzo ya wiki hiyo yakibisha hodi kwenye jedwali?"

"Hayafunguliwi na mtu. Ripoti inayaacha nje."

"Yamefutwa?"

"Hapana! Yamo. Tazama." Akafungua ukurasa mwingine, ule wa oda moja moja, na mistari ikamiminika. Maduka ya Plovdiv. Duka la Devin. Na mmoja mrefu kuliko yote: hoteli ya Sini Elhi, iliyokuwa imefungua jengo jipya juu kwenye miteremko ya kuteleza kwenye theluji, mablanketi mia tatu na sitini, Jumatano ya tarehe ishirini na tisa.

"Na yaliyofumwa wiki hiyo?"

"Hayapo. Mitambo ilikuwa kwenye matengenezo."

Manol alikuwa ameacha kutafuna mbegu zake za alizeti. "Kwa hiyo yalitoka, yakapimwa langoni, yakaandikwa, yakauzwa," alisema, "ila ripoti ikadhani bado yapo ndani. Watu wakahesabu, hawakuyakuta, wakamshika mzee."

"Ni mimi," Vesela alisema. "Mimi ndiye niliyemtia mzee wa watu kwenye mdomo wa polisi." Machozi yakamlenga. Akanyoosha mkono kwenye kibodi. "Narekebisha sasa hivi."

Zornitsa akamshika mkono. "Usiguse kitu. Kwanza tengeneza nakala ya hifadhidata nzima kama ilivyo, na Manol aisainie. Kesho asubuhi utarekebisha mbele ya mkurugenzi. Na hutamwambia mtu leo. Umenisikia, dada?"

Vesela akatikisa kichwa kukubali, akajifuta macho kwa kiganja.

"Swali la mwisho," Zornitsa alisema. "Umesema serikali ina mwaka wake. Taarifa ya kodi ya Januari inatokana na jedwali hilihili?"

"Hapana. Ile inakwenda kwa mwezi wa kawaida, tarehe moja mpaka thelathini na moja. Haipiti kwenye kalenda yetu kabisa."

"Hivyo hoteli ile imo kwenye taarifa ya kodi."

"Lazima iwemo."

"Anayeiandaa ni nani?"

"Bwana Daskalov. Mkuu wa fedha."

Manol akasafisha koo. "Krastyo Daskalov," alisema. "Mke wake ni wa ukoo wa yule Rusi wa ghalani. Dada yake, tumbo moja."

Ofisi ya Krastyo Daskalov ilikuwa na zulia, dirisha la kuelekea mlimani, na mtambo wa kahawa aliouhudumia mwenyewe kwa heshima zote. Alikuwa mtu nadhifu wa miaka hamsini, mwenye sauti laini ya mwalimu anayependa darasa lake. Zornitsa akaketi, akaweka ripoti ya mwaka magotini, akavaa sura ya ukarani, ile ya mtu aliyetumwa kujaza nafasi zilizobaki kwenye jalada.

"Samahani kukusumbua tena, Bwana Daskalov. Hesabu hizi zinanipiga chenga. Malalamiko kwetu uliyaandaa wewe?"

"Mkurugenzi alitia sahihi. Kuandaa, niliandaa mimi."

"Kutokana na nini?"

"Hiyo uliyoishika. Vienna wanasoma ripoti hiyo tu, nami vilevile. Siingii kwenye oda mojamoja, afande. Nikianza hivyo nitaota mvi kabla ya Pasaka."

"Kwa hiyo unachokijua kuhusu mauzo ni kilichomo humu."

"Hicho hicho. Sukari?"

"Kijiko kimoja. Nisaidie jambo, mwendesha mashtaka ataniuliza. Biashara ya baridi ilikwendaje? Sitaki aseme kiwanda kilikuwa hoi kinatafuta wa kumsingizia."

Krastyo akacheka kwa kuudhika kidogo. "Hoi? Sisi? Desemba ilikuwa nzuri mno, maduka ya Plovdiv yaligombania mzigo. Januari ikalegea, kawaida yake. Nikasema, tumekwisha, mitambo nayo iko kwenye matengenezo. Halafu Sini Elhi wakatuokoa mwishoni. Vitanda vipya, jengo jipya, mia tatu na ushei kwa mkupuo. Oda ya namna hiyo huipati kila..."

Alikuwa akikoroga kahawa. Kijiko kikasimama.

Ulimi hauna mfupa. Zornitsa hakubadili uso. Alimsogezea ripoti juu ya meza, akaigeuza imwelekee.

"Nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Sini Elhi. Nimeisoma ripoti hii kuanzia jalada mpaka mgongo. Hoteli hiyo haimo."

Krastyo akafunua kurasa, taratibu, kama mtu anayejua kwamba hakuna anachokitafuta. Nje mtambo mmoja wa kufumia uliwashwa, vioo vikatetemeka.

"Labda nilisikia watu wakisema. Mji mdogo huu."

"Labda. Na hapa?" Akatoa karatasi ya pili. "Taarifa ya kodi ya Januari, kutoka ofisi ya kodi. Sini Elhi wamo, mstari wa pili kutoka chini. Sahihi ni yako, tarehe kumi na tatu Februari. Malalamiko dhidi ya Stamen yalitufikia tarehe kumi na saba. Mtu mmoja, siku nne, karatasi mbili. Kwenye moja mablanketi yameuzwa, kwenye nyingine yameibwa."

"Kalenda ni ya Vesela!" Krastyo alisimama. "Yeye ndiye aliyeisahau wiki ile, mimi nahusikaje? Mwulizeni yeye!"

"Bwana Daskalov," Zornitsa alisema kwa upole, "tangu niingie humu, mimi sijataja kalenda."

Mkuu wa fedha akabaki amesimama. Akautazama mlango, ambako Manol alikuwa amejiegemeza mabega kama mtu anayesubiri basi. Akaketi. Akaifuta meza kwa kiganja pale pasipokuwa na vumbi.

"Niliiona nilipokuwa nafunga kodi," alisema mwishowe. "Namba hazikukaa pamoja. Nikatafuta, nikalikuta pengo. Nilikuwa nimenyanyua simu nimwite Vesela, Mungu ni shahidi."

"Ukairudisha."

"Nikairudisha. Shemeji yangu hana kazi mwaka wa tatu, afande. Analala kwangu, anakula kwangu, na mke wangu haniachi nimeze tonge kwa amani. Stamen umri umekwenda. Nilidhani watamstaafisha kimyakimya na shukrani zake, basi. Sikujua kama Vienna watataka polisi."

"Walipotaka, ukayaandaa malalamiko."

Krastyo akakisukuma kando kikombe cha kahawa.

"Na simu kuhusu nyumba ya wageni?"

"Rusi. Nilimwambia. Mlikuwa mnachelewa, nikaogopa mtaanza kuchimba kwingine."

"Tumechimba kwingine," Manol alisema kutoka mlangoni. "Chukua koti, bwana. Kituoni kwetu hakuna mtambo wa kahawa."

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya jua. Theluji ilidondoka mapaani kwa matone makubwa, na paka wa mtaa wa juu walikuwa wamejilaza kwenye kuta za mawe. Mzee Stamen Chaushev alikuwa ameketi uani na mkewe Evdokia, wakichagua mbegu za maharage ya kupanda, makubwa ya zambarau upande huu, meupe upande ule. Alipoliona gari la polisi hakusimama. Aliweka mikono magotini, akangoja.

"Wamekuja kukuchukua?" Evdokia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tumemletea pasi yake," Zornitsa alisema kutoka langoni, akainyanyua waione.

Aliwaeleza akiwa amesimama, kwa maneno machache: wiki iliyokosa nyumba, mauzo yaliyoachwa nje, aliyejua akanyamaza. Mzee alisikiliza akilitazama harage moja kiganjani.

"Kwa hiyo," alisema, "nani aliyachukua mablanketi?"

"Walioyanunua, mzee."

Evdokia ndiye aliyeanza kulia, kisha akacheka, kisha akaingia jikoni kwa kukimbia, na humo ikasikika sufuria ikianguka. Stamen hakulia. Alivuta pumzi mara moja tu, ndefu, mabega yakashuka, na Zornitsa akaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mrefu, hata akiwa ameketi.

Ndipo Vesela aliposhuka garini. Alikuwa amejificha kiti cha nyuma muda wote ule. Alisimama mbali, karatasi mkononi, macho chini.

"Mjomba Stamen. Ni kosa langu. Nimekuja uniambie chochote unachotaka kuniambia."

"Hiyo nini uliyoishika?"

"Ripoti. Nimeirekebisha leo mbele ya mkurugenzi, nikaipiga upya. Nilitaka uione wewe kwanza."

"Soma."

"Upungufu, hakuna." Vesela akameza mate. "Ziada, mablanketi mawili."

Stamen akaacha kuchagua maharage.

"Ziada?"

"Mawili tu, mjomba. Si kitu."

"Si kitu?" Mzee akasimama, maharage yakamwagika. "Wamenishika mwezi mzima kwa kupungukiwa, nikajua moyoni kwamba ni uongo, nikalala usingizi. Sasa unaniambia nimezidisha mawili! Yametoka wapi? Yamezaliwa? Evdokia! Viatu vyangu!"

"Kula kwanza!" Evdokia akapiga kelele kutoka ndani. "Nimepasha patatnik ya viazi!"

"Ifunge kwenye kitambaa!"

Waliteremka wote watano hadi kiwandani, mzee akiwa mbele na Evdokia na furushi lake nyuma, Manol akilifuata furushi kuliko alivyomfuata inspekta. Mlinzi wa lango alipomwona Stamen alivua kofia, kisha akamwonyesha mzani kwa heshima, na mzee akapita juu yake bila kupunguza mwendo. Ofisi ya ghala ilikuwa tupu. Rusi alikuwa kituoni tangu jana, akieleza habari za simu. Stamen hakukitazama hata kiti chake. Alianzia rafu ya kwanza, akihesabu kwa sauti, mkono ukigusa kila furushi. Hapakuwa na aliyethubutu kumsemesha. Alipofika rafu ya mwisho, nyuma kabisa, palipo na dirisha dogo, akainama, akavuta kitu kilichosukumwa chini. Mablanketi mawili, nje ya kamba, na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini.

Alikisoma kile kipande mara mbili.

"Bibi mmoja wa Devin," alisema. Sauti ilikuwa imepungua nusu. "Alikuja na basi, mwenyewe, kurudisha haya. Rangi haikumpendeza mkwewe. Nikampokelea, nikamfanyia chai, nikaandika hapa, nikasema nitaingiza kwenye mfumo baada ya chakula. Lori la Plovdiv likafika." Akageuza karatasi upande wa pili. "Ijumaa, tarehe thelathini na moja Januari."

Vesela akaziba mdomo kwa mkono.

"Mimi niliyesema kilichotoka nilikiandika," mzee aliendelea, "kilichoingia sikukiandika."

Alisimama pale na mablanketi mawili kifuani, akimtazama yule mwanamke mwembamba ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu. Kisha kitu kikaanza kumtikisa mabega. Zornitsa alidhani sasa ndiyo analia, akapiga hatua mbele. Lakini mzee alikuwa akicheka, kwanza kimya, halafu kwa sauti iliyojaa ghala zima, mpaka Manol naye akaanza kucheka, mdomo umejaa viazi.

"Basi tumekosea wawili, binti yangu," Stamen alisema, akajifuta macho kwa pembe ya blanketi. Akaenda kwenye ile kompyuta ya ofisini, akavuta kiti, akamwonyesha akae. "Njoo. Ingiza."

Vesela akaketi. Akaandika tarehe ile ya mwisho wa Januari, ambayo sasa ilikuwa na nyumba yake, na mfumo ukaipokea.